Shavu la Kulia la Regina

Kabla hajaanza kupaka nyuso, Regina alipaka kuta. Mumewe, Ekeno, ni fundi wa rangi, na kwa miaka saba ya kwanza ya ndoa yao Regina ndiye aliyemshikia ngazi, akamchanganyia rangi, akapiga msasa pale mkono wa mume ulipochoka. Vyumba vingi vya kupanga vya mtaa wa Kiwanjani, mjini Isiolo, vimepita mikononi mwao. Halafu binamu yake alipata mchumba na hakuwa na wa kumpamba. Regina akashika brashi ndogo kuliko alizozizoea, na kufikia jioni alikuwa amegundua kwamba uso unaushinda ukuta kwa jambo moja: ukimaliza kuupaka, unacheka.

Siku hizi ana chumba chake cha mabati kule mtaa wa Wabera, chenye kioo kirefu, kiti cha kinyozi kinachozunguka upande mmoja tu, na pazia la maua. Mlangoni anakaa Habsa, rafiki yake, muuza chai ya maziwa ya ngamia. Habsa hapaki chochote usoni ila wanja, na ana maoni juu ya kila uso unaotoka.

Mteja mpya akiketi, somo la kwanza huwa ni praima.

"Ukuta unapakwa rangi ya chini kwanza," Regina humwambia. "Na uso vilevile."

Praima ndiyo hiyo rangi ya chini: krimu nyepesi inayotangulia faundesheni na poda, ikaziba vitundu vya ngozi na kushika vipodozi visikimbie na jasho. Kwingine labda ni anasa. Isiolo, ambako jua linaamka likiwa tayari limekasirika na upepo unaleta vumbi kabla ya saa tano, bibi harusi asiye na praima huingia kanisani akiwa bibi harusi na kutoka akiwa mtu aliyetoka kuchimba kisima.

Praima ya Regina ilikuwa ya shilingi mia mbili hamsini, kutoka duka la vipodozi karibu na soko. Maharusi zaidi ya sitini walikuwa wameipitia, na hakuna aliyerudi kulalamika, ila mmoja tu, na huyo alikuwa akilalamika juu ya bwana.

Kisha Ekitela, mwana wa shemeji yake, akapata mchumba. Ekitela ni mwalimu, na mchumba alikuwa Wendy, binti wa Hezekiah Njogu mwenye duka la hadwea, la misumari na rangi. Hakukuwa na harusi kubwa kama hiyo mwaka ule. Wageni wangetoka Nyeri, wangetoka Nairobi, na mpiga picha angekuja na kamera tatu. Regina ndiye angempamba Wendy. Alikuwa amemwambia Habsa, kwa hiyo Isiolo nzima ilijua.

Jumanne ya wiki ya harusi akafika Shangazi Keziah, dada yake Hezekiah, kutoka Nairobi. Aliingia kwa Regina akiwa amependeza kama kadi ya mwaliko, akasalimu vizuri, akafungua droo bila kuombwa.

"Hii ndiyo utampaka mtoto wetu, Mama Sharon?" akauliza, akimwita Regina kwa jina la bintiye.

"Ndiyo hiyo."

"Ya mia mbili hamsini?"

"Wakati wa ofa ni mia mbili."

"Ofa umeitaja ya nini sasa?" Habsa akasema kutoka mlangoni.

Keziah akatoa mkobani kichupa cha kioo kisichozidi kidole gumba. Alikishika kwa mikono miwili. "Mimi natumia hii. Elfu tano mia tano."

Habsa akaweka birika chini. "Hiyo ni bei ya mbuzi."

"Imetoka Ulaya."

"Basi ni mbuzi wa Ulaya. Na ndiye mdogo hivyo?"

Keziah hakucheka. Alimgeukia Regina kwa upole. "Sitaki kukuvunjia heshima. Lakini nina msichana wangu Nairobi, amesomea hii kazi. Anaweza kupanda gari Ijumaa."

Mtu akisema hataki kukuvunjia heshima, angalia mkononi, utaona ameshika nyundo. Regina aliona. Kama msichana wa Nairobi angekuja, harusi nzima ingeuliza kwa nini shangazi ya bwana harusi, mpambaji, ameketi kwenye viti vya plastiki na wageni wengine. Na baada ya hapo ni nani angempa binti yake?

"Tupime," akasema. "Keshokutwa, uso wangu huu. Nusu yako, nusu yangu. Saa nne mpaka saa kumi nitembee mji. Upande wangu ukishindwa, mwite msichana wako, na mimi nitamkaribisha chai."

"Nani ataamua?"

Wote wawili wakamtazama Habsa.

"Mimi sina ndugu kwa hii harusi," Habsa akasema. "Ila nyama nitakula."

Hapa lazima atajwe Mama Atabo, mama mkwe wa Regina, anayeishi nao Kiwanjani. Mama Atabo ana kibuyu kidogo cha mafuta ya kondoo. Tangu zamani, Mturkana akibarikiwa siku kubwa hupakwa mafuta. Lakini Mama Atabo amezeeka, na kwake kila siku sasa ni siku kubwa. Hakuna anayetoka katika boma lake asubuhi bila kuchorwa shavu la kulia kwa kidole gumba kilichochovywa kibuyuni, pamoja na maneno machache ya kumwomba Mungu. Amemchora Ekeno, amewachora wajukuu, na mwaka jana alimchora mtu aliyekuja kusoma mita ya maji, naye akaondoka bila kuisoma.

Regina naye huchorwa. Kisha huenda nyuma ya nyumba, penye mfereji, akajiosha kwa sabuni kimyakimya, maana uso wake ndio bango la biashara. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na minne, na hakuna aliyemwona.

Alhamisi maji ya mfereji hayakuja. Regina alijipangusa kwa kitambaa kibichi huku akitafuta kiatu, akapanda bodaboda.

Saa nne kamili Keziah alimpaka mwenyewe upande wa kulia, tone moja tu, kama mtu anayetoa dawa. Regina akajipaka upande wa kushoto ile ya mia mbili hamsini, kwa ukarimu. Faundesheni moja juu ya pande zote, poda moja, na safari ikaanza.

Alipita sokoni, akapita kwa wauza miraa, akasimama juani akibishana bei ya vitunguu ambavyo hakuvihitaji. Upepo ukaja na vumbi lake, yeye akaukabili. Wanawake waliokwisha kusikia habari walimzunguka, mmoja akichungulia kushoto, mwingine kulia, kama watu wanaonunua ng'ombe. Katika duka la hadwea, Hezekiah Njogu alimtazama akatikisa kichwa.

"Mimi nauza rangi ya chini ya nyumba nzima kwa hiyo bei ya dada yangu," akasema. "Na nakupelekea mpaka mlangoni."

Saa sita shavu la kulia lilianza kung'aa. Saa saba lilianza kuteleza. Kufikia saa nane faundesheni ya upande huo ilikuwa ikijiviringa vipande vidogovidogo, na karibu na mdomo palionekana ngozi. Upande wa kushoto ulikuwa umetulia kama mtoto siku ya kwanza ya shule.

Saa kumi Habsa hakuhitaji hata kusogea. "Mbuzi amekufa," akasema.

Keziah alivaa miwani, akatazama, akavua, akatazama tena. Ni mwanamke wa haki, lazima isemwe. "Nimeona kwa macho yangu," akasema. "Nitampigia yule msichana asipande gari. Mama Sharon, nisamehe."

Regina alisamehe haraka sana. Furaha yake ilidumu kuanzia Wabera mpaka Kiwanjani tu, kwa sababu Keziah aliomba wafuatane akamwamkie nyanya ya bwana harusi.

Mama Atabo alikuwa kivulini. Alimshika mkwe wake kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga, macho yakajaa raha. Akasema kitu kwa Kiturkana.

"Anasema nini?" Keziah akauliza.

Alikuwa amesema: Leo hukuyaosha.

"Anasema karibu chai," Regina akajibu.

Lakini alikuwa amekwisha kuligusa shavu lake la kulia. Alikumbuka nyumba moja ya miaka ya nyuma, ukuta wa jikoni uliojaa mafuta ya kukaanga, na Ekeno juu ya ngazi akimwambia, "Huu hata uupake rangi ya dhahabu, hautashika." Walipaka, mwenye nyumba alikuwa na haraka. Kesho yake rangi yote ilikuwa sakafuni. Praima ya Keziah ilikuwa imepakwa juu ya ukuta wa jikoni.

Hakuna aliyejua. Angeweza kunywa chai yake na kunyamaza. Alikuwa akilifikiria hilo alipomwona Mama Atabo amechovya kidole kibuyuni na kumwelekea mgeni.

"Mama, ngoja," akasema, akiwa amechelewa.

Kidole kilipita juu ya shavu la kulia la Keziah, pole kwa pole, kwa upendo wote wa bibi wa miaka themanini. Kilipoinuka kilikuwa kimebeba faundesheni, poda na, kwa makisio, praima ya shilingi mia tisa. Keziah akatafuta karatasi laini mkobani.

Ndipo Regina akaona Jumamosi, siku ya harusi. Akaona kidole hichohicho mlangoni pa kanisa, na Wendy, na kamera tatu.

"Shangazi, keti," akasema. "Nimekushinda kwa mafuta."

Akamweleza yote: mfereji, kitambaa, miaka kumi na minne ya sabuni. Alieleza kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini, huku mama mkwe akitabasamu akiangalia mbuzi wake. Keziah alisikiliza akijifuta kwa karatasi laini.

"Kwa hivyo hatujui ni gani nzuri," akasema mwishowe.

"Hatujui."

"Na huyu mama atampaka Wendy?"

"Mlangoni pa kanisa. Ukimzuia, hakuna harusi."

"Yule msichana wangu angempamba mtoto vizuri kabisa."

"Vizuri kabisa. Halafu mama apitishe kidole."

Keziah akatazama karatasi yake, imejaa rangi. "Wewe ungefanyaje?"

Regina alijibu bila kufikiri, kama fundi. "Ukuta ukiwa na swichi, hupaki juu ya swichi. Unaizungushia rangi."

Keziah akaikunja karatasi, akaitia mkobani. "Kesho turudie," akasema. "Uso uoshwe kwa sabuni, nikiona."

Ijumaa maji yalikuja. Mama Atabo alipomaliza kuchora, Regina alinawa mara tatu, Keziah akiwa amesimama hapo na taulo kama mwamuzi wa ndondi. Mji ukatembewa upya, vitunguu vikabishaniwa upya. Saa kumi Habsa alimweka Regina juani, akamkodolea macho, akazunguka, akarudi. Pande zote mbili zilikuwa zimekaa.

"Hii ya mbuzi imeshika zaidi," akasema polepole. "Hapa kando ya pua. Kidogo tu."

"Kidogo kama ya shilingi ngapi?" Keziah akauliza.

Habsa akafikiri. Alikuwa mwamuzi, na hakutaka dhambi. "Kama ya mia tatu."

Regina akainamisha kichwa. Ahadi ni ahadi. "Basi yangu imeshindwa. Mwite msichana."

"Imeshindwa na shilingi hamsini," Keziah akasema. "Na msichana wangu hajui habari ya swichi." Akakiweka kichupa mezani. "Hii utamtia kando ya pua. Kwingine tia yako, hii isiishe bure."

Jumamosi Wendy alishuka garini mlangoni pa kanisa akiwa mzuri kiasi kwamba Hezekiah Njogu, aliyekuwa amezoea kumwona akihesabu misumari dukani, alimpita akimtafuta. Vipodozi vilikuwa vimekaa kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Kwenye shavu la kulia Regina alikuwa ameacha nafasi ya upana wa kidole gumba, ngozi tupu iliyooshwa, na ukingoni mwake amefifisha rangi kidogokidogo hata mwenye macho makali asiuone mpaka wenyewe.

Lakini Mama Atabo hana macho makali. Alikuja na kibuyu, watu wakampisha. Kidole kilitoka kikimeremeta, kikainuka, kikasita hewani mbele ya uso wa bibi harusi. Keziah alishika mkono wa Regina, akaubana.

Kidole kilishuka palepale. Kikapita katika nafasi yake kama mtu anayerudi kwake, hakikugusa ukuta wowote.

Kisha yule bibi akageuka akamtafuta mkwe wake katikati ya watu. Akasema kwa Kiturkana, taratibu, "Miaka kumi na minne unaosha. Leo umeniachia mahali."

"Anasema nini?" Keziah akanong'ona.

Regina akatazama juu, kwenye paa la kanisa. Alikuwa anajitahidi asiharibu vipodozi vyake mwenyewe.

"Anasema karibu chai," akasema.

Picha ya siku hiyo imetundikwa Wabera, juu ya kioo. Wendy anacheka, na kwenye shavu la kulia pana mng'ao mmoja mwembamba, kama mahali ambapo jua lilimwekea alama. Wateja huisogelea na simu zao. Hata watu wa Nairobi wamepiga kuuliza ule mng'ao ni wa kampuni gani, wauagize, na bei si hoja.

"Ni wa mama mkwe," Regina huwaambia. "Na lazima uje mwenyewe, asubuhi, kabla hajaenda kwa mbuzi."