Andika Kwamba Nilicheka

Kicheko cha mtu kikirudishwa nyuma kwenye kaseti hulia kama vifaranga waliofungiwa kwenye boksi. Hiyo ndiyo sauti ya utoto wangu wa Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini: vifaranga wakilia sebuleni, kisha kimya, kisha kitufe kikibonyezwa, kisha kicheko chenyewe kikitoka sawasawa, kipana, cha mwanamke asiyemwogopa mtu. Mama alikuwa mwanafunzi wa uzamili katika chuo kikuu huko Westville, na utafiti wake ulihusu maisha ya Wafilipino waliohamia mjini. Watu walimshangaa. Mkenya atoke Kakamega hadi Afrika Kusini kwenda kuwauliza Wafilipino habari zao! Mama aliwajibu kwamba Wazungu wametuuliza sisi habari zetu tangu zamani na hakuna aliyeshangaa. Tulikuwa wawili tu, tumepanga Greyville karibu na uwanja wa mbio za farasi, na kila jioni aliketi na kinasa sauti chake akisikiliza, akisimamisha, akirudisha, akiandika neno kwa neno.

Mwenye kicheko alikuwa Tita Nena. Tita ni shangazi kwa lugha yao. Aliishi South Beach, juu kabisa kwenye ghorofa ambalo lifti yake ilifanya kazi ilipojisikia, na alikuwa akiwapikia mabaharia wa kwao waliposhuka bandarini. Ukitoka kwenye ngazi, pumzi zimekwisha, ilikupokea harufu ya nyama inayochemka kwenye siki na vitunguu saumu, na mate yakakutoka kabla hujabisha hodi. Siku ya kwanza tulifika mapema kuliko tulivyoahidi, tukamkuta ndiyo kwanza anakaa mezani. Akatukaribisha tule. Kwetu, ukikaribishwa chakula ukakataa umemtukana mwenyeji, kwa hiyo Mama alinawa, nami nikanawa, tukala. Tulikula vizuri. Tita Nena alitutazama huku kijiko kikiwa kimemganda mkononi, na hatukuelewa kwa nini mpaka alipotueleza baadaye: kwao neno la kwanza ni adabu tu. Mgeni hujibu kwamba ameshiba, mwenyeji hukaribisha tena, na hapo ndipo mtu hujua kama amealikwa kweli. Sisi tulikuwa tumekula chakula chake cha mchana. Mama alitaka kuzama sakafuni kwa aibu, lakini Tita Nena alicheka hadi akashika ukuta. "Miaka yote niliyokaa nchi hii," alisema, "hakuna aliyewahi kuketi mezani pangu kwa neno la kwanza. Sasa washa hiyo mashine yako."

Na mashine ilipowashwa alisimulia habari ya kikombe. Alikuja Durban kumtunza bibi mmoja mzee katika nyumba kubwa yenye bustani. Chini ya sinki waliwekewa wafanyakazi kikombe chao, kimetiwa alama ya rangi ya kucha nyekundu kwenye mkono wake, kisije kikachanganyika na vya wenye nyumba. Enzi mpya isiyo na ubaguzi ilikuwa imeshatangazwa nchi nzima, lakini kikombe kile kilikuwa bado hakijapata habari. Aliyeosha vyombo alikuwa nani? Tita Nena. Akaisugua ile alama ikatoka, akakipanga kabatini pamoja na vingine, halafu akawanywesha wote humo kwa zamu: bibi, wanawe, wakwe, hata mchungaji aliyekuja kuombea nyumba. Aliacha kazi bila kumwambia mtu, na kikombe akaondoka nacho. Alikitoa kabatini akatuonyesha, cheupe, kimemeguka kidogo mdomoni. Hapo ndipo kilipotoka kile kicheko nilichokuja kukisikia kikirudishwa nyuma jioni baada ya jioni, kwa sababu Mama hakujua akiandikeje.

Msimamizi wa utafiti wake alijua. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye sauti ya chini, na upole wake ndio ulioniudhi hata kabla sijaujua ubaya wake. Alimwambia Mama kwamba hiki ni kisa cha kudhalilishwa, na kicheko ni maumivu yaliyojificha, kwa hiyo sura nzima iandikwe upya kuhusu huzuni. Bila hivyo hatatia sahihi. Bila sahihi yake hakuna mtihani, na bila mtihani kibali chetu cha kukaa kingekwisha turudi nyumbani mikono mitupu. Mimi nilimfahamu mtu wa aina hiyo. Shuleni nilikuwa na mwalimu aliyeinamisha kichwa kila aliponiongelesha, akaniuliza mbele ya darasa kama kwetu tulikuwa tunapata chakula. Nilimjibu kwamba simba wakitubakizia, tunapata. Darasa lilicheka, yeye akazidi kunihurumia.

Mama alirudi South Beach na karatasi zake, maana alikuwa na desturi ya kumsomea kila mtu maneno yake kabla ya kuyatumia. Akauliza taratibu, kwa ile sauti aliyofundishwa, kama pengine kikombe kile kilimuumiza. Tita Nena aliacha kukatakata vitunguu. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile, na sikutamani kumwona hivyo tena.

"Kiliniuma asubuhi," alisema. "Ilipofika saa ya chai nilikuwa nimeshawamaliza. Yule mwalimu wako anataka kuninyang'anya saa ya chai? Andika kwamba nilicheka."

Tuliporudi Greyville Mama alipitia saluni ya Mama Fifi, Mkongo aliyekuwa akisuka chini ya ghorofa letu, akamweleza yote. Mama Fifi hakusimamisha hata vidole. "Eish! Professeur iko nataka machozi?" alisema. "Basi umupelekee bitunguu!"

Wiki ile ile Mama alienda Westville, nami pamoja naye kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni ofisini mwa msimamizi. Mama hakubishana. Alitoa kinasa sauti kwenye mkoba, akakiweka juu ya meza yake, akabonyeza. Kicheko kikajaa kile chumba. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Maskini." Mama alikusanya vitu vyake. "Profesa," alisema, "mimi nilikuwepo. Alicheka, na ndivyo nitakavyoandika." Niliona fahari ambayo sijaiona tena, na nilikuwa na hofu vilevile, kwa sababu nilijua tumejifungia mlango wenyewe.

Ulikuwa umefungwa kweli. Hakutia sahihi. Mama alimtafuta msimamizi mwingine, kibali kikaongezwa kwa tabu, ufadhili ukakatika, na mchana alisuka nywele kwa Mama Fifi mpaka vidole vikamvimba. Lakini tasnifu ilipita, na ile sura inaanza na neno moja la Tita Nena: nilicheka. Siku tunaondoka Durban, Tita Nena mwenyewe alinipa kile kikombe. Sikukataa kwa adabu. Nilikipokea kwa neno la kwanza.

Siku hizi naishi Nairobi, na mwezi uliopita alikuja binti mmoja mtafiti, msomi, mwenye simu ya kunasa sauti isiyohitaji kaseti wala kurudisha nyuma. Alitaka habari za watoto waliokulia ugenini. Nilimsimulia shule, simba, saluni. Vyombo vimebadilika, shingo hazijabadilika: aliinamisha kichwa, akaniwekea mkono begani, akaniambia pole sana, lazima uliumia. Nilikwenda jikoni nikamtengenezea chai ya maziwa. Nilimpa ndani ya kikombe cheupe, kimemeguka kidogo mdomoni, akakishika kwa mikono miwili na kunywa chote. Simu yake ilikuwa bado inanasa. Nilicheka hadi nikashika ukuta, na alipouliza kuna nini, nilimwambia aanze kwa kuandika hicho kicheko.