Tarishi wa Milima ya Kidahwe

Chande Zubery hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Sisi majirani zake wa Kasingirima, pale Ujiji, tulizoea kumwona alfajiri mlangoni kwake, kikombe mkononi, macho barabarani, na mkewe Mwamini akimsihi kutoka ndani, "Keti basi, baba. Chai haikimbii." Naye hujibu, "Nakuja, nakuja," na tukigeuka tena kikombe kiko kizingitini, nusu, yeye hayupo.

Mamake alisema mtoto huyu hata kwenye chuo cha Kurani hakutulia. Mwalimu alimruhusu asome akiwa amesimama, maana akikalishwa alitikisa mkeka mzima na wenzake wakakosa herufi.

Desemba ya mwaka sitini na moja, katika sherehe za Uhuru, vijana walishindanishwa mbio kutoka Ujiji hadi stesheni ya Kigoma. Chande alikuwa na miaka ishirini na hakuwa na viatu. Alifika wa pili. Mshindi alijilaza chini akihema kama mbuzi aliyefungwa. Chande aliizunguka stesheni mara moja, akageuka, akarudi Ujiji mbio vilevile. Alipoulizwa, alisema safari ilikuwa imekwisha kabla yeye hajaanza.

Habari hiyo ilifika katika ofisi moja ya mjini iliyokuwa ikitafuta tarishi wa kupeleka barua milimani, kule ambako baiskeli hubebwa na mwenye baiskeli. Wakamchukua. Wakampa kaptula ya kaki na mkoba wa turubai, na kwa miaka kumi ya kwanza hapakuwa na mtu mwenye raha kuliko Chande, kama raha ni neno la mtu asiyeweza kutulia.

Njia yake ilikuwa hii. Alitoka Kigoma ziwa likiwa kuliani, akapita Ujiji kwenye harufu ya mawese yanayochemshwa, akaishika njia ya zamani ya misafara kuelekea mashariki. Alivuka mto Luiche, akapenya kwenye michikichi, kisha udongo ukawa mwekundu na njia ikaanza kupanda. Kupanda kwenyewe hakukuwa mchezo. Kilima kinakwisha, unadhani umefika, kumbe nyuma yake kuna kingine kimekaa kinakungoja. Lakini ukifika kwenye mgongo wa juu, ukageuza shingo, unaliona ziwa lote limelala, na ng'ambo milima ya Kongo, rangi ya moshi. Chande aligeuza shingo bila kusimama.

Kusimama kwenye njia ile hakupenda. Babu yake mzaa baba aliletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa kijana, pembe ya ndovu begani, na alama ya mzigo ule alikwenda nayo kaburini. Wengi walipita hapo na shehena zao, wengine wamefungwa shingo, na si wote waliofika walikopelekwa. "Nikitembea nawasikia," Chande alimwambia Mwamini siku moja. "Nikikimbia nasikia pumzi yangu tu."

Huko juu, nyumba za Waha zilikuwa zimetawanyika, kila moja ndani ya migomba yake. Katika kitongoji cha Nyakera alikaa mjane mmoja, Honorata, ambaye kiunga chake kiligusana na njia. Kila alipomwona tarishi anapanda alitoka na kibuyu cha maji.

"Mwakeye!" humsalimu kwa Kiha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo unafukuzwa na nani?"

"Na barua, mama." Anakunywa huku akirukaruka mahali pamoja, anarudisha kibuyu, anaondoka.

Barua za miaka ile zilikuwa za chanjo, za mikutano, za shule. Mwaka wa sabini na mbili zikaanza barua za vijiji. Watu wa milimani wahamie kando ya barabara, wakae pamoja, wapate shule, zahanati na maji. Chande alizipeleka kama alivyopeleka nyingine, na kwanza watu walizipokea. Lakini kitongoji kimoja kikahamishwa, kisha cha pili, na kila mara watu walikumbuka nani alitangulia. Ikafika siku akitokea kwenye kona ya kilima, akina mama wanaita watoto ndani. Mbwa hawakubweka, walikuwa wamemzoea. Watu ndio waliomkimbia.

Ila Honorata. Yeye alitoka na kibuyu vilevile, lakini hakuuliza tena anafukuzwa na nani.

Juni ya mwaka sabini na nne, Nyakera ilikuwa imeambiwa itahama mwisho wa mwezi wa saba, mavuno yakiwa yameingia. Jumatano moja asubuhi karani mkuu wa ofisi ile, Oswald, alimwita Chande, akamwekea bahasha mezani.

"Ndugu Chande, hii ya Nyakera. Malori yamepatikana mapema. Yatakwenda Jumamosi hii."

"Jumamosi hii? Maharage bado yako shambani, mzee."

"Maharage si kazi ya tarishi. Na barua uipeleke Ijumaa jioni, si kabla. Tukiwaambia mapema wanavuka kwenda Burundi, tunakuta majivu ya mafiga."

Oswald hakuwa mtu mbaya. Alisema hivyo akiangalia kidirisha. Chande alipokea bahasha, akaitia mkobani, akatoka. Aliizunguka ofisi mara tatu. Mlinzi, ambaye ndiye aliyetusimulia baadaye, alidhani amepoteza kitu. Mara ya nne hakurudi. Alikuwa ameshika njia ya Ujiji.

Siku hiyo, alisema mwenyewe, ndiyo siku pekee aliyokimbia akijua anakokwenda. Hakupita nyumbani. Luiche aliuvuka maji yakimfika magotini bila kutafuta kivuko. Kwenye mpando wa pili tumbo lilimshika, akaendelea akiwa ameinama, mkono ubavuni. Jua lilikuwa utosini alipofika Nyakera, na Honorata alipotoka na kibuyu hakukipokea.

"Mama, sikiliza. Wanakuja Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

"Hii. Kesho kutwa na siku moja. Ng'oeni maharage sasa. Msingoje barua, barua nitaileta baadaye."

Honorata alimtazama. Kisha akaweka kibuyu chini, akapiga yowe ambalo kilima kizima kililisikia.

Chande alikimbia nyumba hadi nyumba, mteremko huu na ule, mpaka sauti ikamkauka. Nyumba nyingine zilimfungia mlango, akasemea ukutani. Siku tatu Nyakera iling'oa maharage: wazee, watoto, hata mwanamke mmoja aliyekuwa na siku nne tangu ajifungue. Walipura mengine usiku na mchana, mengine wakayafunga na mashina yake. Walitoa miti ya paa iliyofaa. Familia mbili zilivuka kwenda Burundi, kama Oswald alivyosema. Jumamosi malori yalikuta watu wameketi juu ya mizigo yao.

Jumatatu Oswald aliuliza, "Nani aliwaambia?"

"Mimi."

"Kwa nini hukukaa kimya, Chande? Ningeweza kuandika kwamba sijui."

"Siwezi kukaa, mzee. Wewe mwenyewe unajua."

Akarudisha mkoba na kaptula. Kazi ikaisha hapo.

Tulidhani angalau Nyakera watamshukuru, na wengine walimshukuru. Lakini alipokwenda kumwona Honorata katika kijiji kipya cha Kidahwe, kando ya barabara ya Kasulu, nyumba zimepangwa mstari kama meno, mama yule alimkaribisha, akampa maji, akasema polepole, "Ulitupa siku tatu, mwanangu. Nami nilitaka kufia kwangu." Chande alirudi Ujiji akitembea. Mwamini alijua jambo limetokea kwa kuona vumbi lilivyotulia miguuni pake.

Miezi ile alikuwa mgumu kuishi naye. Aliamka kabla ya adhana, akakimbia hadi Katonga ufukoni mwa ziwa, akarudi, akatoka tena. Alipanda mpaka Nyakera tupu, akakuta nyasi zimeota mlangoni na migomba inajiangukia. "Unakimbilia nini?" Mwamini alimwuliza, na safari hii alikuwa analia. "Barua huna. Ofisi huna. Nini?" Chande alikuwa ameshafika mlangoni.

Mwamini ndiye aliyelipata jibu. Alikwenda Katonga kwa dada yake anayeanika dagaa, akarudi na vikapu viwili na mti wa mzega. "Kule barabarani watu wamejazana na hawaoni samaki," alisema. "Migebuka inaharibika jua likipanda. Anahitajika mtu asiyeweza kukaa." Basi Chande akaanza tena, vikapu vikining'inia mbele na nyuma, samaki wa alfajiri wakifika Kidahwe kabla hawajalegea macho. Watoto waliofichwa zamani sasa walimpokea njiani.

Honorata alinunua, hakuongea sana. Lakini mvua za kwanza zilipokaribia, alimwambia, "Nasikia shamba langu halijapewa mtu. Nataka kwenda kulima. Magoti yangu yanaogopa kile kilima peke yao."

Wakaenda wawili. Honorata alipanda kama wanavyopanda wazee, hatua, pumzi, hatua. Chande alijitahidi. Alikwenda naye hatua ishirini, labda thelathini, mikono nyuma kama mtu wa heshima. Kisha miguu ikamshinda, akatimka mpaka juu ya mpando, akaona aibu, akateremka mbio, akaungana naye. Hatua kumi, akatimka tena. Akarudi tena. Mara ya tano Honorata alisimama katikati ya njia, jembe begani.

"Chande! Utapanda kilima hiki mara ngapi leo?"

"Nisamehe, mama. Najaribu."

Mama yule akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka jembe chini, akakaa penye jiwe, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Tangu siku ya malori, binti yake alituambia, hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka. Kisha akamnyooshea lile jembe.

"Haya, tangulia nalo. Ukifika anza kwenye kona ya juu, kuna mawe mengi. Mimi nitakukuta."

Akatangulia. Honorata alipofika, jasho likimtoka, robo ya shamba ilikuwa imekwisha kugeuzwa.