Usinisubiri

Fundi kufuli hakuwa mtu wa kuamini upesi. Kazi yake ilikuwa kufungulia milango watu waliodai wamepoteza funguo, naye alijua kwamba si kila anayelia mlangoni ndiye mwenye nyumba. Basi binti yake, nesi aliyebaki naye tangu mama mtu alipofariki, alipoanza kujifungia chumbani na simu kila Jumamosi alasiri, machale yakamcheza.

"Unaongea na nani humo?"

"Tunasoma mashairi, Baba. Ya Kimarekani, ya kisasa. Tuko wengi mtandaoni, tunasomeshana."

Mashairi! Nesi anatoka zamu hoi bin taabani, halafu akakeshee tungo za Wamarekani? Danganya toto hiyo. Siku moja simu ilisahaulika mezani, ikawaka, na mzee akachungulia bila haya:

*Nimeiacha taa ya jikoni inawaka.*
*Chakula kimo kwenye sufuria.*
*Usinisubiri.*

Damu ikamchemka. Hilo ndilo shairi? Vina viko wapi? Mizani je? Alivyoona yeye, hiyo ilikuwa barua ya kuaga, na anayeagwa ni yeye. Kuna mwanamume huko ndani ya simu anamsaidia mtoto kuiandika, na siku yoyote angerudi nyumbani akute kitanda kitupu. Wazo hilo lilimtisha kuliko alivyotaka kukiri.

Akamfuata kinyozi jirani, mjuzi wa mambo ya mtandao, akaunganishwa na kundi hilo la mashairi, yeye akijiita Mpenda Tungo. Jumamosi akajifungia karakanani, simu sikioni, akimvizia huyo mwanamume.

Mwanamume mwenyewe hakuwepo. Kulikuwa na mwalimu mstaafu mwenye kikohozi, mama mmoja mshonaji na dereva wa lori, wote wanabishana kuhusu sufuria ya lile shairi. Mzee aliona aibu, lakini shaka haikumtoka. Wezi wangapi hutembea kwa kundi?

"Mpenda Tungo, karibu," alisema mwalimu. "Hapa kwetu mgeni hapiti kimyakimya. Tuambie, huyu anayeondoka anamhurumia anayebaki, au anamkimbia?"

Mzee akaikwaruza sauti ili asijulikane. "Anamkimbia. Angekuwa na huruma, angemwambia usoni."

Ikaja sauti ya binti yake.

"Labda amejaribu. Kila akifungua mdomo, mwenzake anamuuliza katoka wapi na alikuwa na nani. Mwisho anaona heri aandike."

Mshonaji akaguna kukubali. Binti akaendelea, polepole sasa. "Ungekuwa wewe ndiye unayebaki, Mpenda Tungo, ungetaka uambiweje?"

Mzee akasahau kuikwaruza sauti. "Waziwazi tu. Bila kuzungushwa."

"Haya, Baba. Nimepata kazi hospitali ya mbali. Naondoka mwisho wa mwezi. Shairi hili nililipendekeza mimi, kwa sababu maneno yangu mwenyewe yalinishinda."

Wiki nzima mzee alikuwa akiwinda uongo, na sasa alitamani angeupata.

Mwalimu akauliza kwa upole kama wahamie shairi jingine.

"Hapana," alisema mzee. "Hilohilo. Lisome wewe, mwanangu, nikusikie."

Binti akaanza kusoma, na safari hii baba yake hakutafuta vina.