Nilisingizia kuku wa mama utitiri wa nyoka wangu, kisha nikampaka nyoka mwenyewe dawa ya mbuzi

Wakuu, salamu kwenu nyote, pamoja na wale husoma nyuzi za watu bila kuandika neno. Mimi ni wa chama hicho tangu nijiunge.

Najua kila uzi humu huapa kuwa ni wa kweli. Mimi siapi. Nawaomba tu mjiulize ni mtu gani angekaa chini atunge hadithi ya kujiaibisha hivi.

Naishi Katelembo kwa boma la mama, na nauza dawa za mifugo kwenye agrovet moja Machakos mjini. Nina cheti cha afya ya mifugo, kile cha chini kabisa. Wateja huniita Daktari na sijawahi kuwasahihisha.

Kazi yangu kubwa ni kugombeza watu wazima. Mzee akija kununua dawa ya kupe namwambia soma lebo, pima, usikadirie kwa macho. Wengine huondoka wakinung'unika kwa Kikamba wakidhani sisikii.

Sasa, mimi hufuga nyoka.

Kabla hamjaanza: kibali ninacho na kimetundikwa ukutani. Ni nyoka wa mchanga, wale wafupi wanene, rangi ya chungwa na mabaka ya kahawia. Hana sumu. Kutwa nzima amejizika mchangani, pua tu ndiyo iko nje.

Anaitwa Mueni. Nilimpata mwaka ule baba alifariki, nyumba ikiwa imenyamaza sana. Nikitoka kazini nilikuwa angalau na kitu cha kuangalia kama kimekula. Hiyo ndiyo sababu, na sitaki kuieleza zaidi ya hapo.

Mama alikubali kwa masharti mawili. Nyoka akae kile chumba cha nje kilichokuwa cha vifaranga, na yeye mama asiwahi kuonyeshwa. Miaka mitatu hakuvuka ule mlango. Wamama wa jumuiya wakija kusali kwetu aliwaambia hapo ni stoo ya makaa.

Tuliishi hivyo kwa amani mpaka Kioko aliponipigia simu.

Kioko nilisoma naye. Anashona suruali kiwandani huko EPZ na anakaa Syokimau, kwa zile flati ambazo hata kuku wa kuchemsha huulizwa anatoka wapi. Yeye pia alikuwa na nyoka wa mchanga, dume, jina Bosi. Caretaker akamwona Bosi, mwenye nyumba akaambiwa, Kioko akapewa wiki moja achague kati ya nyoka na nyumba.

Nikasema leta.

Wakuu, nilikuwa makini. Karatasi zote za kumhamisha Bosi nilizisoma mstari kwa mstari, nikakagua kila stempu na kila sahihi. Nyoka mwenyewe sikumkagua.

Kila mfugaji anajua mgeni hutengwa. Chumba tofauti, sanduku lenye tishu nyeupe chini ili uone kila kitu kinachotembea, unamhudumia wa mwisho, unanawa mikono, miezi miwili mitatu. Hayo nayajua hata nikiwa usingizini. Lakini Bosi alionekana mpweke, nikamwingiza kwa tangi la Mueni siku hiyo hiyo, wakae wawili.

Baada ya wiki tatu nikamkuta Mueni ndani ya bakuli la maji.

Kwa asiyejua, nyoka wa mchanga hapendi maji. Akiingia kwenye bakuli na akakataa kutoka, ujue kuna kitu kinamla. Nikachungulia. Kwenye maji kulikuwa na vitu vyeusi vidogo kama pilipili manga iliyosagwa, vingine vinaelea, vingine vinatembea ukingoni. Chini ya kidevu chake magamba yalikuwa yameinuka, na kando ya jicho kulikuwa na vingine viwili. Utitiri.

Mtu mwenye akili angeuliza nini kimeingia humo ndani hivi karibuni. Mimi nikatoka nje nikawaona kuku.

Mama alikuwa na kuku mmoja anaatamia mayai kumi na moja, kwa kikapu kilichoegemezwa nyuma ya kile chumba. Nikamwambia hao kuku wake wamejaa utitiri na wamemwambukiza Mueni. Nikaongea kama niko kaunta, na maneno ya Kiingereza nikayatia mawili matatu. Mama alinisikiliza akichambua mboga, hakuinua kichwa.

"Kuku zangu hazijawahi ingia huko ndani," akasema. "Ni wewe huingia huko."

Nikamwambia mambo ya kitaalamu hayaendi hivyo. Nikahamisha kikapu mwenyewe mpaka upande wa choo. Kuku akasusa. Mayai yakapoa, yote kumi na moja, na mama hakusema kitu tena. Mnaojua mama zetu mnajua hapo ndipo mambo huwa mabaya.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi, siku yetu ya kunyunyizia mbuzi dawa ya kupe. Nikawamaliza, ndoo ikabaki na kama lita moja.

Sasa wakuu wa Ukambani mtanielewa. Huku kwetu dawa iliyokwisha kuchanganywa haimwagwi. Kumwaga ni kama kumwaga chakula. Ikibaki kwa mbuzi, anaoshwa mbwa. Ikibaki kwa mbwa, inapigwa ukuta wa kuku, na ikibaki tena hata kochi lenye kunguni litapata. Nimekua nikiona hivyo. Kaunta huwa nawaambia watu ni makosa, nyumbani nafanya hivyo hivyo.

Nikaangalia ndoo. Nikawaza, utitiri na kupe ni ndugu, dawa ni ile ile.

Nikamtoa Mueni nikampaka kwa sponji kuanzia kichwani hadi mkiani, nikarudia chini ya kidevu. Iliyobaki nikaimwaga kwenye mchanga. Ikaisha kabla ya zamu ya Bosi, aliyekuwa akingoja kwa sanduku alilokuja nalo. Nikamrudisha Mueni, nikafunga kifuniko ili dawa ishike vizuri, nikaenda kunywa chai nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Niliporudi Mueni alikuwa amelala chali.

Nikamgeuza, akajigeuza tena chali. Kichwa kilikuwa kimeinama nyuma kinaangalia juu, kinatetemeka, na mdomo uko wazi. Wakuu, niliogopa. Nilisimama hapo na cheti changu nikiwa sijui nianzie wapi, na nikajikuta naita mama, sauti ile ya mtoto aliyekatwa na panga.

Mama akaja mbio. Alifika mlangoni, akasimama kidogo, akaingia.

Hakupiga nduru. Alinusa hewa, akaangalia ndoo, akaniangalia mimi.

"Hii ni ndawa ya mbuzi," akasema. "Ile mbuzi ya baba yako iliyozidishiwa ilikufa hivi hivi. Leta maji ya vuguvugu, mwingi, wacha kulia."

Nilikuwa nalia, sikuwa najua.

Mama ndiye alimshika. Alivua leso kiunoni akaikunja, akashika mkia wa nyoka ambaye kwa miaka mitatu hakutaka hata kumtaja jina, akaangalia ukutani muda wote midomo ikisali. Mimi nikaosha. Beseni baada ya beseni, nikiinua kichwa asimeze maji.

Kuwapigia madaktari wa Machakos niliona aibu, maana ni wateja wetu. Kioko akanipa namba ya daktari mmoja wa Nairobi anayetibu nyoka kweli. Mikono yangu ilikuwa imelowa, nikamweka kwa laudspika.

Akasema tumefanya vizuri kuosha, tuendelee. Tumweke kwa sanduku safi lenye tishu na hewa ya kutosha, mahali pa joto, tusimpe wala kumpaka kitu kingine chochote, na nimpeleke kwake Jumatatu akiwa hai. Hilo neno "akiwa hai" alilisema polepole.

Halafu akauliza kama kuna nyoka mwingine ameingia kwangu karibuni.

Nikasema labda ni kuku.

Akasema hapana. Utitiri wa kuku ni wa kuku. Huu wa nyoka huja na nyoka, au na vitu vyake, na aliyemleta nyoka ndiye aliyeuleta.

Mama alikuwa bado ameshika mkia. Alibadilisha tu mkono uliokuwa umechoka.

Jumapili Mueni alikuwa bado anajigeuza chali. Mama akaenda kanisani, na jumuiya yao ilipokutana baada ya misa akasimama akaomba wamama wamkumbuke mgonjwa wake wa nyumbani. Jina hakutaja. Wakaomba kwa nguvu, nimeambiwa wawili walitoa machozi.

Mnajua desturi. Mgonjwa akishaombewa, huangaliwa.

Jumatatu nilimpeleka Mueni Nairobi, akachomwa dawa yake kwa kipimo cha uzito wake, tukarudi. Jumanne mchana wamama saba wakaingia kwetu na sukari, unga na maziwa. Walidhani mgonjwa ni mimi. Nikatokea nikiwa mzima, nimebeba beseni.

Mwenyekiti wao akamuuliza mama mgonjwa yuko wapi. Nilimwona mama akifikiria, na nilijua anaweza kusema chochote, hata kwamba nilikuwa na malaria ikapona. Nilitamani aseme hivyo.

Akaenda akafungua stoo ya makaa.

Watatu walirudi mpaka kwa geti. Mmoja aliketi chini. Mwenyekiti alibaki, akashika rozari, akauliza sasa hii nzoka inaugua nini.

Mama akanigeukia. "Daktari," akasema, "waambie."

Hao wamama wote ni wateja wangu. Hakuna hata mmoja sijawahi kumgombeza. Nikawaambia nilimpaka dawa ya mbuzi iliyobaki kwa ndoo, na lebo sikusoma, na nilipoisoma baadaye ilikuwa imekataza kwa herufi kubwa. Halafu mmoja wa kule kwa geti akauliza kwa upole kabisa kama ile dawa niliyomchanganyia ya ng'ombe mwezi huu aendelee nayo ama aache.

Nikadhani nimemaliza.

"Waambie pia ya kuku," mama akasema.

Nikawaambia ya kuku. Kikapu, mayai kumi na moja, na maneno yote niliyomwambia mama akichambua mboga. Nikamwomba msamaha hapo hapo mbele yao. Mama akasema sawa, akachukua ile sukari akaenda kupika chai. Tukainywa wote, wengine wakiwa geti.

Mueni aliishi. Mchanga wote na vipande vya mbao nilitupa, tangi nikalisugua kila pembe, maana mayai ya utitiri hujificha kwenye nyufa na ukitibu mara moja tu unajidanganya. Daktari alirudia dawa mara kadhaa. Bosi, aliyeleta balaa yote, hakuugua hata siku moja. Yuko chumba chake, kwa tishu nyeupe, anahesabiwa miezi.

Funzo nililopata: mgeni mtenge hata akiwa mzuri kiasi gani, usimwongezee mnyama dawa ya mnyama mwingine, na kabla ya kutafuta wa kulaumu nje angalia wewe uliingiza nini ndani.

Mueni amerudi kula, lakini akimrukia panya humkosa mara ya kwanza, wakati mwingine hata ya pili. Zamani hakuwa anakosa. Mama siku hizi huingia kumwangalia, na juzi alisimama karibu nami akaona akikosa. Akaniambia nimsogezee panya karibu kidogo.

Wafugaji wenzangu, nyinyi mgeni mnamtenga muda gani? Na kuna aliyeona nyoka akirudi sawasawa kabisa baada ya sumu kama hii? Nijibuni ukweli, hata kama si ule ninaoutaka.