Nakala Niliyomrefushia Mwalimu

Mwalimu wa chuo aliporudisha karatasi mara ya tatu, ikiwa na alama nyekundu bila maelezo, nilimfokea mbele ya wateja: "Mwalimu, jifunze kumaliza kazi yako!"

Mimi ni mpiga chapa hapa mtaani Umoja, mtoto mgongoni. Aliniletea mistari miwili ya herufi, nakala mbili za jeni moja, ya pili imekatika njiani. Nikaona ni uvivu, nikaikamilisha kwa kuangalizia ya kwanza.

Mwalimu akanijibu: "Mama Achieng, seli ikishapata kiasi cha kutosha cha kile ambacho jeni hiyo hutengeneza, huacha kuinakili mapema, kwa kusudi. Somo lenyewe ndilo hilo, nawe umelifuta!"

Wateja wakacheka. Bosi wangu akaapa nikikosea tena ataniachisha kazi. Nikampa malalamiko kwa maandishi: "Mteja anayetaka kazi iishie njiani aandike hivyo. Mimi si seli."