Ferdison Letang na Bwawa Lililofukiwa

Ferdison Letang hakupata kazi nyingine maishani mwake ila kuwaongoza wageni kwenda kwenye bwawa la Basen Cho. Baba yake alikuwa mkulima wa ndizi pale Mon Kano, lakini ndizi za kisiwa cha Dominika zilipokosa soko, mashamba yalirudi kuwa pori na vijana wa kijiji wakatawanyika, wengine kisiwa jirani cha Guadeloupe, wengine Uingereza. Ferdison alibaki. Alikuwa na miguu ya kupanda na kushuka bila kuhema, na mdomo wa kumchekesha mtu aliyechoka, na Basen Cho lilikuwa nyuma ya nyumba yao, mwendo wa kushuka ngazi tu.

Siku ambazo meli ya watalii ilitia nanga Roseau, mabasi madogo yalipanda mlimani yakifuatana. Wageni walikuwa wameshaambiwa bandarini mambo ya kuona: ziwa linalochemka, kwa wenye nguvu za kutembea kutwa nzima, bahari inayotoa mapovu, kwa wapenda kuogelea, na Basen Cho, kwa kila mtu. Lilikuwa bwawa dogo chini ya maporomoko ya maji. Maji ya baridi yalianguka kutoka juu, ya moto yalibubujika ubavuni mwa jabali, na yalipokutana yalikuwa vuguvugu ya kumwogeshea mtoto mchanga. Wazee wa watu, waliovuka bahari na magongo yao, waliingia mle wakaanza kuimba.

Kando ya bwawa aliuza chakula mkewe, Eudora. Alikuwa mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, kiongozi wa sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, na mikate yake ya kukaanga iliyojazwa samaki wa chumvi ilijulikana mpaka kwa mabaharia. Kila kundi lililofika alilikaribisha kwa kumsimanga mumewe. "Karibuni, poleni na safari," alikuwa akisema. "Huyu mzee asiwadanganye kwamba anajua msitu. Njia anayoijua vizuri ni ya kuja kula." Ferdison naye alijibu kwamba angefanyaje, naye alioa jiko badala ya mke. Wageni walicheka, wakanunua. Waliishi hivyo miaka mingi, wakamlea binti yao Vernice, wakamsomesha uuguzi, naye akaenda kufanya kazi Guadeloupe.

Kisha mvua ikanyesha, majuma mfululizo, mwisho wa mwaka. Asubuhi moja ilikatika, jua likatoka safi, na meli ikaingia. Bwawa lilikuwa limechafuka kidogo, rangi ya chai ya maziwa, lakini wageni walitaka kuoga, wakaoga. Walipomaliza wakapanda kurudi garini, ila kulikuwa na bibi mmoja ambaye magoti yalimgomea kabisa. Ferdison akamweka mgongoni. Eudora alikuwa anazima moto wake.

"Niachie sufuria kubwa," Ferdison alimwambia. "Nikimfikisha huyu garini narudi kukubebea."

"Nenda taratibu, usije ukamwangusha mtoto wa watu," Eudora akajibu. Hawakusemezana tena.

Alikuwa anamshusha yule bibi kwenye kiti cha basi aliposikia ngurumo, akadhani ni mvua inarudi. Aligeuka akaona miti iliyo juu ya maporomoko inatembea. Ilikuwa imesimama wima, inateremka, kama watu waliobebwa na umati. Kisha ukungu wa tope ukafunika kila kitu, na ulipotua, bonde lilikuwa limejaa. Hapakuwa na bwawa, wala maporomoko, wala ngazi za chini. Palikuwa na udongo mwekundu, mawe makubwa kama nyumba, na mizizi iliyotazama juu.

Mon Kano nzima ilishuka na majembe, masepetu, mabeseni, na mikono mitupu. Cuthbert Fontaine, dereva wa basi na rafiki yake Ferdison tangu shule, alichimba mpaka kucha mbili zikang'oka. Lakini udongo ulikuwa bado unateleza, mvua ikarudi, na serikali ikaamuru watu watoke wasije wakafukiwa na wao. Padri alisimama pembeni akasoma misa akielekea kwenye tope. Vernice alikuja, akalia, akakaa, akamsihi baba yake waondoke pamoja. Ferdison alimwambia hawezi kuondoka mama yake akiwa hajazikwa. Vernice akasema, "Baba, ameshazikwa." Kisha binti akarudi kazini peke yake.

Kwa kitambo hakuna basi lililopanda. Kisha siku moja alikuja Bi Lystra Royer, wa ofisi inayosimamia vivutio vya upande ule. Hakuwa mtu mbaya. Alileta unga na mafuta ya kula, akaketi jikoni, akazunguka maneno kwanza, ndipo akafika. Meli zilikuwa zinaulizia Basen Cho. Mahoteli nayo yalikuwa bado yanalitangaza. Ofisi ilikuwa imeamua kujenga jukwaa la mbao juu ya ukingo, lenye vyuma vya kujishikiza, ili wageni waone jinsi mlima ulivyoshuka. Na nani wa kuwaeleza, kama si yeye?

"Kuna jambo moja tu, Baba Letang," Bi Lystra alisema, akiangalia kikombe chake. "Habari za mama. Usizitaje kwa wageni. Watu wamekuja kupumzika."

Ferdison alikubali. Watu wa Mon Kano walimsema chini chini kwamba ameuza kaburi la mkewe, na yeye mwenyewe aliliona hivyo hivyo. Lakini angekula nini? Na mbaya zaidi, angekaa wapi? Nyumbani kila kitu kilimkalia kichwani. Pale jukwaani, angalau alikuwa karibu naye.

Basi akawa anasimama pale na kundi baada ya kundi. Aliwaonyesha lilipokuwa bwawa, akaeleza mvua na aina ya udongo. Wageni walipiga picha, wengine wakiwa wamekumbatiana na kucheka, mgongo wao kwenye bonde. Ferdison aliwashikia simu zao na kuwapiga picha wote kwa pamoja. Utani ulikuwa umemwisha. Cuthbert aliyekuwa akisubiri kwenye basi alijaribu kuuziba ule ukimya kwa porojo zake, na Ferdison akirudi garini alimgusa bega.

Mwaka wa pili wa jukwaa alikuja mama mmoja wa Kanada, Bi Hallstrom, mrefu, mwenye nywele nyeupe fupi. Hakupiga picha. Alisubiri wenzake watangulie, akamsogelea Ferdison akamwambia aliwahi kuja zamani, na marehemu mumewe, wakaoga hapa siku nzima mpaka meli ikataka kuwaacha. Alimkumbuka mwanamke wa mikate. Mwanamke yule alikuwa amemfunga mgeni kitambaa chake mwenyewe kichwani ili jua lisimpige, akakataa kulipwa. Bi Hallstrom akatoa mfukoni kitambaa kingine, kipya, cha hariri ya rangi ya machungwa.

"Nimemletea hiki," alisema. "Yuko wapi siku hizi?"

Ferdison aliinua macho. Juu, njiani, aliona kofia ya kijana wa ofisini aliyekuja kukagua vyuma. Lakini hata bila ya kofia ile, angesema nini? Angemwonyesha kwa kidole?

"Alihamia Guadeloupe," alijibu. "Kwa binti yetu."

"Ah, afadhali! Nilipoliona bonde hili niliogopa sana." Yule mama alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamemlowa kwa furaha. "Mfikishie salamu. Mwambie sijamsahau."

"Nitamwambia."

Alimtazama akipanda ngazi, mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Jioni ile Ferdison hakupika. Alikaa na kile kitambaa magotini, na kwa mara ya kwanza tangu mlima ushuke akasema kwa sauti, nyumbani peke yake, kwamba Eudora amekufa. Alilisema mara kadhaa. Halikumsaidia.

Muda si mrefu zikaja habari za katapila. Ofisi ilikuwa imepata mfadhili, na mfadhili alitaka bwawa lirudi: wachimbe, wafikie maji ya moto, wajenge ukuta, waweke na vyumba vya kubadilishia nguo. Mon Kano ilifurahia ajira. Ferdison alifurahi kwa sababu yake, ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja. Alichagua mahali makaburini, chini ya ukuta wa kanisa, akapafyeka. Akamwomba seremala amtengenezee jeneza dogo, maana alijua si mwili mzima utakaotoka. Alimpigia Vernice simu, na Vernice, ambaye alikuwa amejifunza kutotumaini chochote, akasema atakuja wakimpata.

Mwendesha katapila aliitwa Desmond Prosper, kijana wa pwani. Ferdison alimwendea na chai ya kakao kwenye chupa.

"Mwanangu, nakuomba kitu kimoja. Ukiona chochote kisicho jiwe wala mti, simamisha."

"Mzee, nimeshaambiwa," Desmond akasema. "Nitachimba kama ninayemtafuta mama yangu."

Na kweli alifanya hivyo. Ferdison alisimama ukingoni tangu mashine inawashwa mpaka inazimwa. Walitoa vyuma vya mwavuli wa Eudora. Walitoa benchi alilokalia akiuza, limevunjika mguu. Siku moja Desmond alinyoosha mkono, mashine ikanyamaza, na Ferdison akateremka akianguka na kuinuka. Lilikuwa sufuria kubwa, limebonyea, ndani yake udongo umekauka ukawa tofali. Alilibeba mwenyewe kulipandisha. Usiku wa siku hiyo hakulala kwa matumaini. Aliamini kwamba kama sufuria liko pale, mwenyewe hayuko mbali.

Lakini chini ya sufuria walikuta jabali moja zima, pana kuliko nyumba, ambalo katapila ililikwaruza tu. Mhandisi alikuja, akatoboa mashimo pembeni, akatia kipimo kwenye maji yaliyopanda. Yalikuwa ya baridi. Akatoboa kwingine, yakawa ya baridi vilevile. Alieleza kwamba mlima uliposhuka ulizibana njia za chini, maji ya moto yakaenda yalikokwenda, huenda baharini. Hakuna bwawa la kufufua. Mfadhili akajitoa juma hilohilo. Zilizobaki zilikuwa pesa za kumwaga zege tu, ili udongo usiendelee kuteremka na kulitishia jukwaa.

Ferdison alimfuata Bi Lystra mpaka garini. "Mama, bado upande mmoja haujaguswa," alisema. "Kule alikokuwa anafungia mizigo. Nipeni juma moja."

"Ningeweza, ningekupa," alisema. "Mashine inaondoka kesho, Baba Letang. Zege linakuja Jumatatu. Nisamehe."

Jumapili Ferdison alishuka na jembe. Baada ya misa Cuthbert alimkuta mle ndani, shati limemgandia mwilini, shimo halijafika hata kiunoni. Cuthbert alivua viatu vyake vya kanisani, akaviweka juu ya jiwe, akachukua sepetu. Walichimba mchana kutwa, wazee wawili, na kila walipotoa udongo, mwingine uliteremka kutoka juu ukajaza. Kuelekea jioni Cuthbert aliketi kwenye tope.

"Fedi," alisema. "Ndugu yangu, hapa tunachota bahari."

"Wewe pumzika."

"Sitaki kupumzika. Nataka unisikie. Hatutampata."

Ferdison aliinua jembe mara nyingine mbili, tatu. Kisha likamshinda, akaliachia. Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye udongo, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ulikuwa wa baridi. Cuthbert alimshika kwapani akamwinua, wakapanda wakiegemeana.

Jumatatu malori yalikuja, zege likamwagwa. Lilikauka likawa uwanja wa kijivu, laini. Seremala aliuliza kwa aibu kuhusu lile jeneza, na Ferdison akamwambia amuuzie mwenye shida. Liliondoka mapema tu, kwa mtoto wa kijiji jirani.

Vernice hakusubiri kuitwa. Alikuja akamchukua, na safari hii baba yake alimfuata bila kubisha. Alikaa naye Pointe-à-Pitre, mji wa Guadeloupe, ghorofa ya nne, kwenye chumba chenye kitanda kizuri. Vernice alimpikia magimbi na shelisheli apate ladha ya kwao. Alikula alichopewa. Lakini wageni wa binti yake walipomuuliza mama yuko wapi, alisikia jibu lake mwenyewe likimrudia, kwamba yuko Guadeloupe, na mara mbili Vernice alimkuta amesimama mlangoni, amevaa, anasema anakwenda kumtafuta Eudora mjini. Daktari alisema ni umri. Vernice aliongeza kufuli mlangoni, akalia jikoni ili asisikike.

Cuthbert humpigia Ferdison simu siku za Jumapili. Humweleza meli zilizoingia, hali ya barabara, na mwongozaji mpya wa jukwaani, kijana asiyejua hata jina la mti. Zamani Ferdison alikuwa anamkatiza kwa maswali. Sasa husikiliza tu, Cuthbert akisikia pumzi zake, mpaka Vernice anapoichukua simu na kusema, "Shikamoo, baba mdogo. Ameshachoka leo. Jaribu tena juma lijalo."