Kigoda cha Mwenyekiti

Chuoni kwetu Njombe wanasema Mwalimu Getruda Mlowe ni mkali. Wanaosema hivyo ni wapenda alama za bure. Mimi ni mkutubi, ofisi yangu na yake zimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na sijawahi kumsikia akimgombeza mwanafunzi kwa kutojua. Anawagombeza wanaojifanya wanajua. Kama huo ndio ukali, basi tuletewe wakali wengine.

Alizaliwa mtaa wa Ramadhani, hapahapa mjini, katika familia ya Walutheri waliolima viazi. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, na nyumbani kwao mtoto hakukaa kabla mkubwa hajakaa. Nayataja haya kwa sababu kuna wanaodai hana adabu. Adabu anayo, tena ya kugawia wengine. Anafundisha Mbinu za Utafiti kwa wanafunzi wa sayansi ya siasa, somo ambalo wengi wao hulichukulia kama geti la ushuru: unalipa, unapita. Ni vijana wanaotaka kuwa wakuu wa wilaya. Ukiwauliza wananchi wanataka nini, wanakujibu kabla hujamaliza swali.

Mwaka jana aliwatuma Makambako. Kulikuwa na mpango wa kuwahamisha akina mama wanaouza viazi na parachichi kando ya barabara kuu, wapelekwe eneo jipya nyuma huko, ambako abiria wa mabasi hawafiki. Wenye mpango walisema akina mama waliitwa kwenye mkutano wa mtaa, wakakubali. Wanafunzi walitakiwa wakawaulize wenyewe: mliitwa? Mlikubali? Ripoti ingesomwa mbele ya wadau kabla uamuzi haujapitishwa. Kwa hiyo kazi hiyo haikuwa mazoezi ya darasani. Ndani yake kulikuwa na riziki za watu.

Vijana walirudi wamefurahi. Kila mama aliyehojiwa alisema aliitwa na alikubali. Kiongozi wa kundi alikuwa Odilo, kijana wa Lugarawa, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Getruda akachukua simu waliyorekodia, akaanza kusikiliza. Kupitia ukuta nikasikia sauti ya mama, kisha mtu anakohoa, kisha mama anasema, "Tulikubali." Mama mwingine, kikohozi kilekile. Wa tatu alianza kwa kuuliza, "Mkutano gani, mwanangu?" Kikohozi kikapita, naye akasema mkutano ulikuwa mzuri.

Akamwita Odilo.

"Nani anakohoa humu?"

"Ni Mzee Efraimu, Madam. Mwenyekiti wa mtaa."

"Alikuwa anafanya nini kwenye mahojiano yenu?"

"Tulipoenda kujitambulisha ofisini alisema atatusindikiza. Wengine hawakuelewa maswali vizuri, akawa anawaeleza kwa Kibena."

"Wewe Kibena unakijua?"

"Mimi Mpangwa, Madam. Nashika maneno machache."

"Na alikaa wapi?"

Sauti ya Odilo ikashuka. "Nilimtafutia kigoda. Nisingeweza kukaa mimi, mzee amesimama."

Nikasikia kiganja kikitua mezani. "Ulikwenda kuuliza habari za utawala wake," Getruda alisema, "halafu ukamkalisha kati yako na mama anayemwogopa."

Kijana alitaka kulia. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia papo hapo. Nani kati yetu, aliyelelewa huku, anaweza kumwambia mzee mwenye mvi, samahani babu, hebu tupishe? Efraimu alilijua hilo kuliko wote. Aliichukua adabu ya watoto wetu akaitumia kama fimbo ya kuwachapia mama zao. Nikilifikiria hilo damu inanichemka hadi leo.

Getruda hakuwatuma wanafunzi wakamfukuze mzee. Safari hii alikwenda nao Makambako, kwenye ule upepo wa huko usio na likizo, akaenda moja kwa moja ofisini kwa mwenyekiti, akapiga goti na kumwamkia hadi kwa Kibena.

"Shikamoo, baba. Kamwene. Vijana wangu wamehoji watu wote wakamsahau mwenye mtaa. Leo nimekuja kukuhoji mimi mwenyewe."

Mzee alipendezwa, akaagiza chai. Akaeleza mtaa ulivyoanza, nani aligawiwa kiwanja na nani, jinsi alivyowabwaga wapinzani wake. Getruda aliuliza, aliandika, akauliza tena. Kila mzee alipotaka kunyanyuka, alitupiwa swali jingine linalomsifu. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kutabasamu akiwa na hasira nyingi kiasi kile.

Huko barabarani Odilo alikaa juu ya gunia la viazi mbele ya Fidelia, mjane anayesomesha watoto kwa biashara ile. Fidelia akatazama huku na huku. "Yule mzee wenu yuko wapi?" aliuliza. Alipohakikishiwa kwamba hayupo, akasema hakuna aliyewaita. Habari za mkutano walizisikia ulipokwisha kufanyika. Wenzake, isipokuwa wachache waliokataa kuhojiwa tena, wakasema vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, na safari hii hakuna aliyekohoa.

Jioni Getruda alipokuja kuwachukua vijana, Fidelia alimshika mkono. "Mwalimu, haya tuliyosema yatafika?"

Darasani Getruda huwakataza wanafunzi kumwahidi lolote mtu wanayemhoji. Siku ile alimtazama yule mama machoni akasema, "Yatafika, dada."

Ripoti mpya ikaandikwa, akaikabidhi kwa mkuu wa idara, Dokta Agustino, pamoja na sauti zote zilizorekodiwa, kama utaratibu unavyotaka. Dokta akaziweka ripoti mbili mezani, akachagua ya kwanza.

"Hii ya pili imefanyika bila kiongozi kuwepo," alisema. "Haina baraka."

"Ile ya kwanza ni maneno ya mtu mmoja, Dokta. Wengine wameazimwa midomo tu."

"Mama Mlowe, funika kombe mwanaharamu apite. Wadau wameshaalikwa."

"Mimi siisaini."

"Saini yangu inatosha."

Siku ya kikao cha wadau akampa Odilo aisome. Odilo alikuwa mwaka wa mwisho, na kijana asiyeweza kumnyima mzee kigoda hawezi kumkatalia dokta. Aliisoma macho yakiwa sakafuni. Efraimu, mstari wa mbele, alipiga makofi. Getruda akasimama kuomba nafasi ya kusema, na mshereheshaji akatangaza kwamba muda umetutupa mkono, tuelekee kwenye chakula. Kulikuwa na wali na nyama. Wasomi walipanga foleni wakiwa na sahani zao, na mimi nilitoka nje nisije nikamtukana mtu.

Mpango ukapita. Getruda akanyang'anywa somo, akapewa Stadi za Mawasiliano kwa mwaka wa kwanza. Mbinu za Utafiti sasa anafundisha mwalimu mwingine, na wanafunzi wote wanafaulu.

Mwezi uliopita aliniambia anakwenda Makambako. Hakuna chuoni aliyewahi kurudi kuwaeleza wale akina mama yaliyotokea, na yeye alishindwa kulala na ahadi yake. Nikamsindikiza. Tulipita soko jipya lote, tukiulizia, mpaka tukamkuta Fidelia huko mwisho, anabandua machipukizi kwenye viazi ambavyo havikununuliwa. Getruda hakuzunguka.

"Dada Fidelia, nilikwambia maneno yenu yatafika. Hayakufika. Nimekuja kukwambia mwenyewe, na kukuomba radhi."

Fidelia hakuacha kazi yake. "Yalifika, mwalimu," alisema.

"Yalifika wapi?"

"Kwa Efraimu. Kabla ya kugawa meza alikuja na simu, akatusikilizisha sauti zetu, mmoja mmoja. Alisema amepewa na mkubwa wako."

Nilimwona Getruda akigeuka kutazama zile meza, kuanzia za karibu na lango mpaka hizi za huku. Wale wachache waliokataa kuhojiwa tena, Fidelia alisema, walipewa za kule mbele. Meza ya Fidelia ilikuwa ya mwisho kabisa, imeegemea ukuta wa choo.